Asiyekuwepo na lake halipo: Nani anakaa meza ya zabuni za jiji?

Kati ya mwaka 1978 na 1983, katika kila dola 1,000 ambazo Jiji la Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia nchini Marekani, lilitoa kwa wakandarasi wakuu wa ujenzi, kampuni za makundi ya wachache ziliambulia dola 6 na senti 70. Wakati huo nusu ya wakazi wa jiji hilo walikuwa Wamarekani Weusi. Sheria za Marekani huwahesabu Weusi kuwa wachache kwa kipimo cha taifa zima, hata pale wanapokuwa nusu ya mji.

Hesabu hiyo, ambayo kwa asilimia ni 0.67, ilizaa sheria, sheria ikazaa kesi, na kesi ikabadilisha biashara ya zabuni za miji katika nchi nzima. Zaidi ya miaka 40 imepita na mjadala haujafungwa. Lakini kwa mfanyabiashara anayeishi kwa tenda za serikali, awe Atlanta, Nairobi au Dar es Salaam, jambo moja limejitokeza wazi. Asilimia iliyoandikwa katika sheria hailipi mtu. Kinacholipa ni kuwa na mtu wa upande wa wafanyabiashara wadogo pale vinapopangwa viwango, pale vinapopitishwa vyeti na pale yanapokaguliwa malipo.

VITI VILIKUWEPO, DAFTARI HALIKUWEPO

Mwezi Aprili 1983 Baraza la Jiji la Richmond lilipitisha mpango uliomtaka kila mkandarasi mkuu anayepata kazi ya jiji ampe mkandarasi mdogo wa makundi ya wachache walau asilimia 30 ya thamani ya kazi hiyo. Kati ya viti 9 vya baraza, 5 vilikuwa vya madiwani Weusi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wahusika hawakuwa na sauti ya kisiasa. Katika kikao cha kusikiliza maoni walisimama wananchi 7: watano walipinga na wawili waliunga mkono.

Miezi michache baadaye jiji lilitangaza zabuni ya kuweka vifaa vya choo katika gereza lake. Kampuni ya J.A. Croson ilikuwa mzabuni pekee. Vifaa vyenyewe vilikuwa sawa na kama asilimia 75 ya gharama yote, hivyo njia pekee ya kutimiza ile asilimia 30 ilikuwa kuvinunua kupitia kampuni ya makundi ya wachache.

Ilipatikana moja ya hapo hapo mjini, Continental Metal Hose. Nayo ilikwama mahali ambapo mfanyabiashara mdogo yeyote anapafahamu. Msambazaji mmoja wa vifaa alikataa kuipa bei kwa kuwa alikwisha kumpa Croson moja kwa moja. Mwingine alitaka kwanza kuchunguza uwezo wake wa kulipa deni, kazi ambayo ingechukua siku 30 au zaidi. Bei ilipopatikana hatimaye, ilizidi ile iliyokuwa katika zabuni kwa dola 6,183.29. Croson akaomba asamehewe sharti, akakataliwa. Akaomba bei ya mkataba iongezwe, akakataliwa tena, na jiji likaamua kuitangaza zabuni upya. Croson akaenda mahakamani.

Tarehe 23 Januari 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja mpango wa Richmond kwa kura za majaji 6 dhidi ya 3. Hoja kubwa ya Jaji Sandra Day O'Connor ilihusu hesabu. Jiji lililinganisha mgawo wa kandarasi na idadi ya wakazi Weusi, wakati lilipaswa kuulinganisha na idadi ya kampuni za wachache zenye sifa na uwezo wa kufanya kazi hizo. Idadi hiyo haikuwa imehesabiwa na mtu yeyote. Wala jiji halikuweza kueleza kwa nini kiwango kiwe 30 na si kingine. Zaidi ya hapo, orodha ya wanufaika iliwataja hata Waeskimo na Waaleuti, watu wa kaskazini ya mbali, bila ushahidi wowote kwamba waliwahi kubaguliwa mjini Richmond.

Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali uamuzi wa wenzake. Aliwakumbusha kwamba Richmond ulikuwa makao makuu ya majimbo yaliyopigania utumwa, na kwamba vyama vya wakandarasi wa eneo hilo havikuwa na Weusi, au vilikuwa nao wa kuhesabika kwa vidole. Jina la Marshall si geni kwa Wakenya. Mwaka 1960, akiwa wakili, alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia ambayo ililinda pia mali na haki za Wazungu na Waasia, yaani wachache wa Kenya. Mtu huyo huyo, miaka 29 baadaye, aliona haki za wachache wa nchini kwake zikishindwa kwa sababu ya takwimu.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Richmond ilikuwa na wawakilishi barazani, ila haikuwa na ofisi ya kuhesabu kampuni, kupima uwezo wao na kuona zinakwama wapi. Tatizo la Continental halikuwa asilimia. Lilikuwa mkopo wa bidhaa kutoka kwa msambazaji, na tatizo hilo haliondolewi kwa kura ya diwani.

ATLANTA: UBIA NA MKONO WA MEYA

Miaka 9 kabla ya mpango wa Richmond, jiji jingine la kusini lilikuwa limekwisha kujaribu njia tofauti. Maynard Jackson aliapishwa kuwa meya wa Atlanta Januari 1974, akiwa Mweusi wa kwanza kuongoza mji mkubwa wa kusini. Alikuta kampuni za Weusi zikipata chini ya asilimia 1 ya kandarasi za jiji, nalo jiji likijiandaa kwa mradi mkubwa kuliko yote, upanuzi wa uwanja wa ndege.

Jackson alitaka robo ya kazi za uwanja iende kwa kampuni za wachache. Wakubwa wa biashara na mashirika ya ndege walilalamika kwamba kazi itachelewa na gharama zitapanda. Meya hakuyumba, akawa tayari kuuacha mradi usimame kuliko kuufungua kwa masharti ya zamani. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa Septemba 1980, na kufikia mwisho wa muongo huo mgawo wa kampuni za wachache katika kandarasi za jiji ulikuwa umepita theluthi moja.

Chombo kilichotumika kilikuwa ubia. Badala ya kumtupia mkandarasi mdogo kipande cha kazi mwishoni, kampuni kubwa na ndogo ziliingia zabuni pamoja, zikagawana faida, hasara na dhamana.

Umuhimu wa ubia huo unaonekana katika dhamana ya utekelezaji. Kazi kubwa ya serikali haitolewi mpaka kampuni ya dhamana au bima ikubali kulipa endapo mkandarasi atashindwa. Mtoa dhamana huuliza mkandarasi amewahi kufanya kazi gani ya ukubwa huo. Ambaye hajapata kazi kubwa hapewi dhamana, na ambaye hana dhamana hapewi kazi kubwa. Ni mduara usio na mlango. Ubia ulimpa mdogo mlango, akaingia kwa dhamana ya mkubwa na kutoka na historia ya kazi iliyo yake. Kampuni ya H.J. Russell, iliyoanzishwa mwaka 1952 na Herman Russell, ilikuwa miongoni mwa zilizopata kazi za uwanja kwa njia hiyo, na baadaye ikawa moja ya kampuni kubwa za ujenzi zinazomilikiwa na Weusi nchini humo.

Jackson hakuishia kwenye kandarasi. Benki zilizotunza fedha za jiji alizitaka ziingize Weusi na wanawake katika bodi zao za wakurugenzi, la sivyo amana za jiji zingehamia kwingine. Alitambua kwamba mkandarasi bila mkopo ni fundi tu, na mkopo hupitishwa na watu waliokaa kwenye meza fulani.

Hata Atlanta haikusalimika na hukumu ya Richmond. Miezi michache baada ya hukumu hiyo, mwaka huo huo wa 1989, mahakama kuu ya jimbo la Georgia iliubatilisha mpango wa jiji. Atlanta ikajibu kwa hesabu: ilimwajiri Andrew Brimmer, Mweusi wa kwanza kuwa gavana katika bodi ya benki kuu ya Marekani, pamoja na Ray Marshall, aliyewahi kuwa waziri wa kazi, wafanye utafiti wa ubaguzi katika soko la jiji. Ripoti yao ya mwaka 1990 ilizidi kurasa 1,000. Tangu hapo utafiti wa namna hiyo umekuwa biashara yenyewe, na jiji lisilo nao halithubutu kutaja asilimia.

KAMPUNI ZA MFUKONI

Palipo na fungu lililotengwa, wajanja hawako mbali. Chicago inatoa mfano. Meya Harold Washington aliamuru mwaka 1985 kwamba asilimia 25 ya kandarasi iende kwa kampuni za wachache na asilimia 5 kwa kampuni za wanawake. Baadaye ikagundulika kwamba familia moja ya Wazungu yenye majina makubwa mjini ilijipatia kandarasi za takriban dola milioni 100 kwa kutumia kampuni ambazo kwenye karatasi ziliongozwa na mwanamke na Mweusi, wakati waamuzi halisi walikuwa wengine. Mwaka 2005 kiongozi wa mpango huo alikiri makosa mahakamani na akafungwa karibu miaka 10.

Kila dola iliyochotwa hivyo ilihesabiwa katika ripoti za jiji kuwa mafanikio ya wachache. Takwimu zilipendeza huku mwenye haki akikaa nje. Karani wa vyeti akiwa ofisini peke yake huona hati ya usajili na majina ya wenye hisa, na karatasi hizo huweza kuwa safi kabisa. Wenye biashara ya aina moja ndio wanaojua nani ana magari, nani ana mafundi, na nani ana muhuri mfukoni tu. Kamati ya vyeti isiyo na mtu wa sokoni ni rahisi kudanganywa.

Upande wa pili wa shilingi nao lazima usemwe. Mwakilishi wa wafanyabiashara aliyepewa kiti bila masharti anaweza kukigeuza duka lake. Anapitisha rafiki, anazuia mshindani, na yeye mwenyewe anaomba tenda ile ile anayoisimamia. Kampuni za wachache zilizokwisha kukua hupenda kuwasemea wadogo, ilhali maslahi yao si mamoja. Ndiyo maana kiti kinahitaji kanuni tatu: mjumbe atangaze maslahi yake, asishiriki uamuzi unaomgusa, na muda wake uwe na kikomo.

ALAMA D YA NEW YORK

New York ilionyesha aina nyingine ya usimamizi. Jiji hilo lilitunga sheria ya kampuni za wachache na za wanawake mwaka 2005, likaipanua mwaka 2013 kwa kuondoa ukomo wa dola milioni 1 uliofanya kandarasi kubwa zikae nje ya sheria. Mkaguzi wa fedha wa jiji huchaguliwa kwa kura za wananchi, hateuliwi na meya, kwa hiyo hana sababu ya kuficha. Mwaka 2014 mkaguzi wa wakati huo, Scott Stringer, alianza kutoa alama kwa kila idara ya jiji kama mwalimu wa darasa, kwa kuangalia fedha zilizotumika na si ahadi zilizotolewa. Mwaka wa kwanza jiji zima lilipata alama D.

Alama hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Hata hivyo wakuu wa idara walijua kwamba kila mwaka jina la idara yao litachapishwa pamoja na alama yake. Tofauti kati ya mkataba uliosainiwa na fedha iliyolipwa ndiyo inayoua kampuni ndogo. Mkandarasi mkuu husaini kwamba atampa mdogo robo ya kazi, akishashinda anapunguza kazi hiyo, au anamlipa baada ya miezi kadhaa. Mdogo amekwisha kukopa mishahara na vifaa, riba inakula faida, na mwaka unaofuata hayupo sokoni. Ripoti inayotazama siku ya kusaini tu haitamwona akizama.

KIPIMO KIMEBADILIKA

Sasa ardhi imetikisika tena. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku vyuo vikuu kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, na wapinzani wa upendeleo wa zabuni wakaipeleka hoja hiyo kwenye biashara. Septemba 2024 jaji wa shirikisho katika jimbo la Kentucky aliizuia wizara ya uchukuzi kutumia dhana ya rangi na jinsia kwa kandarasi zilizoombwa na kampuni mbili zilizoshtaki. Mpango huo wa wizara ulikuwa na lengo la asilimia 10 tangu mwaka 1983. Oktoba 2025 wizara yenyewe ilitoa kanuni zinazofuta dhana kwamba Mweusi au mwanamke amewekwa nyuma kwa sababu ya rangi au jinsia yake. Anayeomba cheti anatakiwa aoneshe kwa ushahidi wake binafsi jinsi alivyokwamishwa.

Mwaka 2025 uwanja wa ndege wa Atlanta, ambao tangu 2003 unaitwa Hartsfield-Jackson kwa heshima ya meya yule, ulikosa takriban dola milioni 37 za serikali kuu kwa kutokubali masharti ya kuacha programu za aina hii, na jiji likalazimika kuitazama upya sera yake.

Kwa wenye kampuni ndogo hili si suala la falsafa. Mwenye malori matatu aliyekuwa akiitwa na mkandarasi mkuu kwa sababu ya cheti chake, huenda simu yake isilie tena. Lakini yapo yasiyogusa rangi ya mtu ambayo jiji bado linaweza kufanya: kugawa kandarasi kubwa katika vipande ambavyo mdogo anaweza kuvibeba, kusaidia dhamana, kulipa ndani ya siku zilizowekwa, kuchapisha nani kalipwa kiasi gani, na kuwaweka wafanyabiashara wadogo katika kamati inayokagua hayo. Ukiyatazama vizuri, ni yale yale ambayo Continental ya Richmond iliyahitaji mwaka 1983 na asilimia 30 haikumpa.

ASILIMIA 30 ZA HUKU KWETU

Wasomaji wanaoukumbuka mjadala wa uzawa uliovuma Tanzania miaka ya 1990 watayatambua mengi ya maneno haya. Siku hizi sheria zipo. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2013, ilitenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo, kuanzia marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ununuzi wa Umma, ilitenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Walengwa si wale wa Richmond, kwani huku hawakupangwa kwa rangi, lakini namba ni ile ile na mitego ni ile ile.

Kikundi cha akina mama au vijana kinachotaka kuingia soko hilo kisiridhike kusikia kwamba fungu lipo. Kiulize maswali manne kabla ya kukopa senti. Je, halmashauri au taasisi hiyo inayo orodha ya kampuni zinazostahili, na imehakikiwa na nani? Nani anakagua kwamba mwenye cheti ndiye mwenye kazi? Malipo huchukua siku ngapi tangu hati ya madai ipelekwe, si tangu mkataba usainiwe? Na je, katika kamati inayofuatilia, yupo mtu aliyetoka katika vyama vya wafanyabiashara wadogo, au wote ni watumishi wa ofisi moja?

Swali la tatu ndilo la mfukoni. Faida ya asilimia 10 katika tenda ya miezi mitatu hugeuka hasara kama malipo yatafika baada ya mwaka huku mkopo ukidai riba kila mwezi. Mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha zake katika kampuni inayotegemea tenda za umma naye aombe kuona orodha ya madeni ambayo serikali inadaiwa na kampuni hiyo na umri wa kila deni. Kampuni yenye mikataba mingi na fedha chache benki imeuza, ila haijalipwa.

Vyama vya wafanyabiashara navyo vina kazi. Kuomba asilimia iongezwe ni rahisi na hupigiwa makofi. Kuomba kiti katika kamati ya ukaguzi, pamoja na haki ya kuona orodha ya malipo kila robo mwaka, hakupigiwi makofi na mtu, lakini ndiko kunakobadilisha nani analipwa. Chama kikipata kiti hicho kimpeleke mtu anayejua kusoma hesabu, ambaye si mzabuni wa tenda zinazokaguliwa, na kimdai taarifa kwa maandishi baada ya kila kikao.